Hivi Pac-12 ilikufaje kufaje? Na mtoto anayetaka kwenda kukimbia huko aende wapi?

Mjomba_wa_Arusha

Wakuu habari za wikiendi. Mwenye kufuatilia michezo ya vyuo Marekani naomba anieleweshe maana mwenzenu nimetoka kapa kabisa.

Mi nilikuwa naangalia sana Pac-12, ligi ya vyuo vya Pwani ya Magharibi, ile futiboli yao ya Kimarekani, sio soka, na wala sio ushabiki wa kurithi, ni muda tu ulikuwa unanifaa. Mechi yao ya usiku ikianza saa moja na nusu kule Los Angeles huku kwetu ni saa kumi na moja na nusu alfajiri Jumapili, unabandika chai, unamcheki Oregon anamalizana na Washington, ikiisha unaoga unaenda kanisani. Afu majukumu yakabana nikaacha kufuatilia. Narudi nakuta Stanford yupo ligi ya Atlantiki, ACC. Stanford ya California jamani! USC wa Los Angeles anacheza na Rutgers wa New Jersey na sio bonanza, ni mechi ya ligi kabisa. Naitafuta Pac-12 yenyewe nakuta imebaki na timu mbili, Oregon State na Washington State, kama wale ndugu wanaobaki msibani kukunja maturubai.

Maswali yangu mawili. La kwanza, ligi iliyoanza 1915 inakufaje ndani ya wiki moja? Nani kaiua, TV au tamaa ya wenye timu? La pili ndo linaloniumiza kichwa: mpwa wangu wa kike anakimbia, mita 5000 na mbio za nyika, ana ofa mbili za skolashipu, moja ni chuo kilichohamia Big Ten, ligi ya huyo Rutgers, na nyingine ni kimojawapo kati ya hao wawili waliobaki. Mama yake anasema aende ligi kubwa basi, mimi roho inasita. Nisaidieni bila matusi tafadhali.

Jirani_wa_Spokane

Karibu mkuu. Mi niko huku mashariki ya jimbo la Washington, Pullman yaliko makao ya Washington State ni saa moja na kitu kwa gari, kwa hiyo hii habari nimeila kila siku. Wiki moja ni ya mazishi tu, kuugua iliugua zaidi ya miaka kumi.

Anzia 2011. Colorado na Utah wameingia, timu zimefika 12, kamishna ni Larry Scott ambaye alitokea kwenye tenisi ya wanawake, anasaini na ESPN na Fox, kampuni za TV, mkataba wa miaka 12 wa karibu dola bilioni 3. Watu walimpigia makofi, hakuna ligi ya vyuo ilikuwa imewahi kupata dili la hivyo. Mwaka uliofuata wakafungua TV yao wenyewe, Pac-12 Network, chaneli saba, moja ya nchi nzima na sita za kanda, wakasema hatutaki mbia yeyote hisa zote zetu. Hapo ndo palipooza. Big Ten chaneli yao wako na Fox, SEC, ligi ya vyuo vya kusini, wako na ESPN, sasa kampuni ya ving'amuzi ikigoma kubeba chaneli ya SEC inajua imegombana na ESPN mzima. Pac-12 alikuwa peke yake mezani. DirecTV, kampuni kubwa ya ving'amuzi, wakamwambia bei yako hatuiwezi, na hawakuibeba hata siku moja mpaka chaneli zikafungwa 2024. Yaani mzazi yuko Arizona analipia king'amuzi kila mwezi na mechi ya mwanae haioni. Huku ofisi kuu ya ligi ipo katikati ya San Francisco, kodi ya mamilioni ya dola kwa mwaka, na kamishna anakunja karibu milioni 5.

Na huo muda wako wa chai ndo ulikuwa mmoja ya matatizo. Saa kumi na moja na nusu alfajiri Arusha ni saa nne na nusu usiku New York, na mechi inachukua zaidi ya masaa matatu. Nusu ya nchi imelala. Watazamaji wachache, matangazo bei chee, timu ikishinda kule magazeti ya mashariki yanaandika kesho kutwa.

Sasa njoo 2021. Texas na Oklahoma wanatangaza kutoka ligi ya Big 12 kwenda SEC, Big 12 inabaki inahema juu juu, timu zake nane zilizoachwa zinaangalia nani atazifungulia mlango. Wakubwa wa Pac-12 wakakaa kikao mwezi wa 8 wakatoa tamko: hatuongezi timu. Ligi nzima ilikuwa mkononi mwao wakaiacha! Badala yake wakafanya muungano na Big Ten na ACC, muungano wa kupeana mikono tu, hakuna karatasi iliyosainiwa. Haujaisha hata mwaka, tarehe 30 Juni 2022 huyo huyo Big Ten akambeba USC na UCLA, jirani yake wa Los Angeles.

Scott alishaondoka wakati huo, yupo George Kliavkoff. Iliripotiwa ESPN waliweka mezani kama milioni 30 kwa kila chuo kwa mwaka, marais wa vyuo wakajibu tunataka 50. ESPN wakasepa. Big 12, wale wale waliokataliwa, Oktoba 2022 wakaruka foleni wakasaini na ESPN na Fox kwa takriban milioni 31.7 kwa chuo. Hela ya soko ikaisha. Pac-12 wakazunguka mpaka Julai 2023 hawana kitu, tarehe 27 Colorado akachoka akarudi Big 12 alikotoka. Agosti mosi kamishna anawaletea dili la Apple, ni kustrimu tu, na hela inategemea watu wangapi watajiandikisha. Ijumaa tarehe 4 walikuwa wakutane asubuhi wafunge mkataba. Jua linazama siku hiyo Washington na Oregon wako Big Ten, Arizona, Arizona State na Utah wako Big 12. Watano siku moja. Mwezi haujapita Stanford na Cal, chuo cha California cha Berkeley, wakaomba hifadhi ACC, tena kwa asilimia 30 tu ya mgao kwa miaka saba ya mwanzo.

Ukiniuliza nani kaua, nasema wenyewe, kwa jeuri.

Fyekeo_la_Kinondoni

Mnamuonea Scott na marais, mi nataka nimtetee anayehama. USC ndo alikuwa anabeba jiji la Los Angeles mgongoni, soko la pili kwa ukubwa Marekani, na mgao ulikuwa sawa kwa wote, anayeingiza watazamaji mamilioni na anayecheza mji wa watu elfu thelathini wanagawana pasu kwa pasu. UCLA idara yake ya michezo ilikuwa imezama kwenye hasara ya zaidi ya dola milioni 100 kwa miaka michache tu. Afu Agosti 2022 Big Ten anasaini na Fox, CBS na NBC, miaka saba, zaidi ya bilioni 7. Wewe ungekuwa mhasibu wa UCLA ungemwambia bosi wako tubaki kwa ajili ya historia? Acheni utani.

Hela haina undugu wakuu. Na tena Oregon na Washington walikubali kuanza na karibu milioni 30, nusu ya wanachopata wenzao humo humo Big Ten, ili mradi watoke tu. Mtu akikubali nusu mshahara kwako kuliko mshahara kamili alipo, ujue alipo hapalipi.

Mtu_wa_Kikapu

Haya mambo sio mageni jamani. Wabongo tunamkumbuka Hasheem Thabeet, katoka Dar kaenda UConn, chuo cha Connecticut, wakati ule Big East ndo ligi ya kikapu inayotisha Marekani nzima, 2009 akachaguliwa namba mbili NBA na Memphis. Ile Big East aliyocheza ilipasuka 2013, sababu ile ile, vyuo vyenye futiboli vilifuata hela ya futiboli. UConn akaangukia ligi nyingine isiyo na mvuto, kaja kurudi kwenye Big East mpya 2020, na akachukua ubingwa wa taifa 2023 na 2024. Kwa hiyo mwenye mpwa usiogope jina la ligi sana.

Mjomba_wa_Arusha

@Jirani nimekupata vizuri. Ila kitu kimoja hakiniingii akilini, kwani hakuna faini? Mtu anajitoa kwenye ligi ya miaka mia na nane anaondoka hivi hivi na mabegi yake?

Jirani_wa_Spokane

Hapo ndo penyewe mkuu na watu wengi wanaparuka. Kwenye hizi ligi chuo kinakabidhi haki zake za TV kwa ligi kwa muda wote wa mkataba. Ukihama katikati, mechi zako za nyumbani bado ni mali ya ligi uliyoiacha, kwa hiyo huko unakoenda huna cha kuuza. ACC wamefungana hivyo mpaka 2036, ndo maana Florida State na Clemson ilibidi waende mahakamani kutafuta upenyo, na 2025 wakamaliza kwa makubaliano ya mgao mpya. Pac-12 haki zao zilikuwa zinaisha pamoja na mkataba wa TV katikati ya 2024. Bila mkataba mpya hakuna kamba. Kila aliyeondoka aliondoka mlango wa mbele kweupe.

Ila waliobaki sio wajinga. Kanuni za ligi zilisema ukishatoa taarifa ya kuondoka unapoteza kiti chako kwenye bodi, na wenyewe kina Washington waliitumia kanuni hiyo hiyo kuwatoa USC na UCLA kikaoni. Sasa wakaondoka kumi. Oregon State na Washington State wakafungua kesi kwenye mahakama ya kaunti ya Whitman, ndo kaunti ya Pullman hiyo, wakisema bodi ni sisi wawili. Novemba 2023 hakimu akawapa, Desemba mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikakataa kuisikiliza rufaa. Kwa hiyo watu wawili wakashika jina, mali na akiba yote ya ligi. Wale kumi wakaacha na milioni 65 juu, yaani 6.5 kila mmoja, ili waondoke kwa amani.

Na utamu wa hadithi ni kwamba msimu wenyewe wa mwisho, 2023, ndo ulikuwa bora kuliko yote ya karibuni. Fainali ya ligi Las Vegas Washington kampiga Oregon 34-31, kaenda mpaka fainali ya taifa kafungwa na Michigan 34-13. Ligi imekufa ikiwa fainali!

Hao wawili 2024 waliazima ratiba ya mechi kutoka ligi ya Mountain West. Afu Septemba hiyo hiyo wakamgeukia mwenyeji wao, wakamvuta Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State, baadaye Utah State. Walichofanyiwa ndo walichofanya, na walifikishana mahakamani kwa ajili ya faini. Wakaongeza Gonzaga wa hapa kwetu Spokane ambaye hana futiboli, na 2025 Texas State ili wafike wanane wa futiboli maana chini ya hapo haitambuliki kuwa ligi kamili. Wanaanza rasmi Julai 2026. Jina ni lile lile Pac-12, ndani ni kitu kingine.

@Fyekeo hesabu yako ya UCLA sawa, ila malizia na ya pili: UCLA na Cal wote ni vya serikali ya jimbo la California chini ya bodi moja, na bodi hiyo ilimwamuru UCLA amlipe Cal milioni 10 kwa mwaka kama fidia ya kumwacha kwenye mataa. Kwa hiyo mwenye shamba kahamisha hela mfuko wa kushoto kwenda wa kulia, na wachezaji wa vyuo vyote viwili sasa wanapanda ndege za kuvuka nchi.

Fyekeo_la_Kinondoni

Hilo la milioni 10 nakubali ni kichekesho. Ila bado sijasikia mtu akiniambia UCLA angelipaje madeni yake kwa hela ya Apple.

Dada_wa_Wavu

Naomba niingie hapo kwenye ndege maana wanaume mnaongea futiboli tu. Mi nilicheza mpira wa wavu huko, chuo sitakitaja. Futiboli wanacheza mara moja kwa wiki, wana ndege ya kukodi, wanaondoka Ijumaa wanarudi Jumamosi usiku. Hela yote hii ni yao na safari zao ndo rahisi. Sisi wavu, soka, sofboli tunacheza mara mbili au zaidi kwa wiki. Zamani timu ya Los Angeles ikienda Arizona ni saa moja na nusu angani. Leo wanaenda Maryland au New Jersey, masaa matano hewani, na saa zinasogea tatu mbele, ukirudi mwili haujui ni asubuhi au usiku na Jumatatu saa mbili una maabara ya kemia.

Mi mtihani mmoja nimeufanyia kwenye chumba cha kifungua kinywa hotelini, msimamizi ni mtu wa timu, pembeni mashine ya maandazi yao inapiga king'ora kila dakika mbili. Na hiyo ilikuwa ligi ya majimbo ya jirani, sio hizi za bahari mpaka bahari.

Ila mjomba, kwa mpwa wako ni tofauti, na hili ndo nilitaka kusema. Mkimbiaji hachezi mechi za ligi kila wiki. Anaenda mashindano ya mialiko ambayo kocha anayachagua mwenyewe, mengi ya karibu, afu ligi inamhusu kwenye mashindano ya ubingwa tu: mbio za nyika msimu wa vuli, ndani ya ukumbi msimu wa baridi, na uwanjani Mei. Safari za lazima za ligi ni hizo tatu. Kwa hiyo kuhama kwa ligi kwenyewe hakumgusi sana mwilini. Kinachoweza kumgusa ni bajeti, chuo kikikosa hela ya TV kinakata michezo gani kwanza.

Msee_wa_Eldy

Dada amesema ukweli kabisa. Wacha niongeze kitu juu naona watu wa hapa wanaongea Washington State kama timu ndogo imeachwa. Sisi watu wa mbio hio shule tunaijua kitambo. Samson Kimobwa alikuwa huko, 1977 akavunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 Helsinki. Mwaka uliofuata Henry Rono, mwanafunzi wa hapo hapo Pullman, akavunja nne kwa siku 81: Aprili mita 5000 Berkeley, Mei 3000 kuruka viunzi na maji Seattle, Juni 10,000 Vienna, na akamalizia na 3000 Oslo. Mbili za kwanza ziko kwenye miji ya hii ligi yenyewe, zilikuwa mbio za kawaida za chuo, hakuna zawadi, hakuna wa kumvuta. Peter Koech pia alipita hapo, akaja kuvunja ile ya viunzi na maji 1989. Rono alituacha Februari 2024, miezi michache kabla hao wengine wabebe virago.

Sasa venye iko leo. Juni 2025 Washington State walitangaza wanafuta mitupo na miruko, wanapunguza mbio fupi na viunzi, na nguvu yote inaenda mbio ndefu. Ni huzuni kwa msichana anatupa mkuki. Lakini kwa mtoto wa 5000, hio ndio shule imesema waziwazi nyinyi ndio tunabaki nanyi. Mama akisikia tu "Big Ten" anadhani kuna usalama. Big Ten kuna hela ndio, lakini tangu ile kesi kubwa ya wachezaji kudai malipo imalizwe Juni 2025 vyuo vinaruhusiwa kulipa wachezaji moja kwa moja, mwaka wa kwanza mpaka karibu dola milioni 20.5 kwa chuo, na sehemu kubwa inaenda futiboli na kikapu. Hio pesa lazima itoke mahali. Na idadi ya wanariadha kwa timu sasa ina kikomo. Kama yeye ni namba ishirini kwa kikosi cha shule kubwa, anaweza kukaa mwaka mzima akivaa jezi mazoezini tu.

Na asidanganywe na mambo ya malipo na matangazo ya biashara. Ataenda na viza ya mwanafunzi, F-1, na hio viza inabana sana mambo ya kufanya kazi. Wakenya wengi wanakimbia na hizo shule kubwa na hawagusi hio pesa wenzao wanapata.

Mjomba_wa_Arusha

Mmenifungua macho aisee. Mi nilikuwa nauliza ligi kumbe natakiwa niulize kikosi. Kocha wa hao wa Big Ten tunaongea naye kwa simu wiki ijayo, mnaona nimuulize nini? Dada yangu atakuwa pembeni na yeye ni mkali kwa hiyo nataka maswali ya kueleweka.

Dada_wa_Wavu

Uliza skolashipu ni ya mwaka mmoja mmoja au imeandikwa ya miaka yote minne, na ni kamili au nusu. Hapo wengi wanaingia mkenge, wanasikia skolashipu wanadhani kila kitu, kumbe ni ada tu na chakula ni juu yako. Uliza pia akiumia goti inabaki au inaondoka.

Msee_wa_Eldy

Na mkataba wa kocha mwenyewe unaisha lini. Mtoto anafuata kocha, halafu kocha anahama shule nyingine Juni na yeye anabaki na mtu hamjui. Muulize pia wasichana wangapi wa mbio ndefu wako kwa kikosi sasa hivi na nyakati zao ni ngapi, hizo ziko wazi kwa mtandao, linganisha na za mpwa wako. Akikataa kujibu hio, ushajibiwa.

Jirani_wa_Spokane

Ongeza Krismasi. Mabweni mengi yanafungwa likizo ya Desemba na tiketi ya kurudi Kilimanjaro haimo kwenye skolashipu. Mtoto wa jimboni anarudi kwao kwa basi, wako anabaki na sanduku barabarani na nje kuna theluji. Vyuo vingine vina utaratibu wa kuwaacha wa kigeni wabaki, vingine wanatafutiwa familia. Lazima mjue mapema. Na akija huku Pullman nistue, kwangu kuna chumba na ugali upo.

Mjomba_wa_Arusha

Bweni linafungwa?? Hilo hakuna kocha hata mmoja aliyelitaja. Naliweka namba moja kwenye karatasi, kabla hata ya goti.